Kiongozi Kikatwe

Mwaka nilioshikwa, hakukuwa na mtu mwingine kati ya Mtito Andei na Malili aliyejua kutoa RNA kutoka kwenye mwani. Nasema hivi bila haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtu aliyepaswa kuyasema badala yangu alinyamaza.

Mimi sikubebwa na mtu. Nilizaliwa upande wa Kitui, penye mito ya mchanga mtupu ambayo maji yake huchimbwa. Mama yangu alisuka viondo, nami nikasoma katika shule ya misheni miaka ile bendera ilipokuwa mpya. Nilipofika Nairobi niliajiriwa kuosha vyombo vya kioo katika maabara. Wenzangu waliviosha mpaka wakastaafu. Mimi kila chupa niliyopewa niliuliza kwanza ilikuwa na nini. Nikajiandikisha masomo ya jioni, nikapata cheti, nikapata diploma, na diploma hiyo hadi leo iko ukutani sebuleni kwangu, kwenye fremu ya mvule. Kisha nikaomba nafasi ng'ambo mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaipata. Karibu miaka yote ya themanini nilikuwa Kanada, katika mji wa bandari ambako bahari yenyewe hufuka moshi kwa baridi.

Kazi yetu kule ilikuwa mwani mwekundu. Tuliuokota kwenye mawe maji yakipwa, tukausaga juu ya barafu, tukauzungusha kwenye mashine hadi plastidi zikajitenga na takataka nyingine. Plastidi ni kile kijumba kidogo chenye rangi ndani ya seli ya mwani au ya mmea, kinachogeuza mwanga wa jua kuwa chakula. Zamani sana kilikuwa kiumbe kamili, bakteria aliyejitegemea, akiogelea zake. Akamezwa na seli kubwa kuliko yeye, lakini hakusagika. Akakaa humo. Kizazi baada ya kizazi akaachilia sehemu kubwa ya jeni zake zikahamia kwenye kiini cha mwenyeji wake, hata leo hawezi kutoka akaishi peke yake. Vitu vichache tu alivikatalia, na kimojawapo ndicho tulichokuwa tukikitafuta: RNA yenye kukata.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba RNA, ule uzi unaobeba nakala ya maagizo ya jeni, ni tarishi tu, na kwamba kukata na kuunga ni kazi ya protini. Baadaye ikaonekana kwamba kwenye bakteria iko RNA moja ambayo yenyewe ni kisu. Ndani ya seli kuna vibebeo vidogo vinavyoleta matofali ya kujengea protini. Kibebeo kinapotoka kutengenezwa huja na kipande cha ziada mbele yake, na kipande hicho kisipokatwa, kibebeo hakifai kitu. RNA ile ndiyo inayokikata. Sisi tulitaka kujua kisu hicho kilibadilikaje baada ya mwenyewe kumezwa. Nilipoondoka tulikuwa na dalili za kuaminika kwamba kwenye mwani bado kipo, ila kimekuwa na tabia mpya. Ya bakteria, ukiiwekea chumvi ya kutosha, inakata hata ikiwa peke yake, bila protini ya kuisaidia. Ya plastidi tuliiweka peke yake mara nyingi, na vipande vya mbele tukavikuta vizima.

Kazi hiyo haiwezwi na kila mtu. Adui mkubwa wa RNA ni kidole cha binadamu, kwa kuwa jasho letu lina kitu kinachoila. Niliona watu wenye shahada za juu wakiharibu kazi ya wiki nzima kwa kujikuna pua. Mimi vichupa vyangu vilikuwa vinatoka salama, na mkuu wetu, Mzungu mkavu asiyesifu hata chakula cha mkewe, alikuwa akiwaambia wageni, "Ikiwa ni ngumu, mpeni yule Mkamba."

Nilirudi kwa hiari. Nakazia hili kwa sababu baadaye walisema nilifukuzwa huko.

Mke wangu ni wa Kibwezi, kwa hiyo nikajenga Kibwezi, karibu na mfereji wa kumwagilia mashamba. Kaka yake ndiye mtu niliyempenda kuliko wote upande ule. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Alikuwa amefundisha Mombasa miaka mingi, na aliporudi bara alikuja na Kiswahili ambacho hata machifu walikuwa wakiacha kutafuna ili wakisikilize. Mama yangu alipofariki nikiwa ng'ambo, yeye ndiye aliyesafiri hadi Kitui akasimama kaburini mahali pangu na kutia udongo wa kwanza. Kwa mila yetu ya Kikamba shemeji ni mtu wa heshima. Humkaripii, humtaji ovyo, huketi naye kihasara. Mimi na yeye tuliivunja heshima hiyo kwa utani, na nikadhani tumeivunja kwa sababu tulikuwa zaidi ya mashemeji.

Wakati huo shule ya sekondari ya harambee karibu na kwetu ilikuwa inajengewa maabara. Akina mama wa mwethya, yaani vikundi vyetu vya kusaidiana kazi, walibeba mchanga kutoka mtoni kwa vichwa vyao huku wakiimba. Mimi nilichora ramani ya chumba. Nilionyesha mahali pa sinki na mahali pa meza, nikaleta hadubini yangu niliyotoka nayo Kanada nimeipakata kama mtoto mchanga. Kamati ya shule ikaniahidi kwamba chumba kikiisha, nitakisimamia na kufundisha humo. Nilikitaka chumba kile kuliko nilivyowahi kuitaka nyumba. Nilikuwa nimewafanyia watu wengine kazi yao miaka mingi, na sasa nilitaka mtoto wa Kibwezi asiyejua bahari auone mwani wa mfereji wake mwenyewe.

Kamati ikaomba niwahutubie wazazi kabla chumba hakijaezekwa, wajue jasho lao linakwenda wapi. Hotuba iwe ya Kiswahili, kwa kuwa kulikuwa na familia za wafanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini-mashariki, na mchungaji wetu alikuwa Mtaita. Hapo nikakwama. Elimu hii yote niliipata kwa Kiingereza. Kwa Kikamba ningesema nusu, kwa Kiswahili robo. Nikaenda kwa shemeji.

Tuliketi barazani kwake mchana, mke wangu na wifi yake wakichambua maharagwe karibu yetu.

"Hii habari ya viumbe kubadilika polepole," nikamwuliza, "mnaiitaje?"

"Mageuzi," akasema bila kufikiri.

"Si ndilo neno wanalopigia kelele Nairobi sasa hivi, hao wanaodai vyama vingi? Watu wanashikwa kwa hilo."

"Wanalipigia kelele wao. Neno lilikuwapo kabla yao. Wakianza kupiga kelele 'maji', shemeji, tutaacha kunywa?"

Wanawake wakacheka. Nikaandika mageuzi.

"Na hiki kipande cha mbele kinachokatwa? Wazungu wanakiita kwa neno lile lile wanalomwitia mkuu wa nchi, au mtu wa mbele wa kwaya."

"Kinatangulia?"

"Kinatangulia kabisa."

"Basi ni kiongozi."

"Mimi nilifikiria mkia wa mbele."

Akaweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Mkia wa mbele? Ng'ombe wa Kanada wana mikia mbele? Usituaibishe, bwana diploma. Kiongozi." Kisha akanyanyua kidole, akawa mwalimu. "Lakini sikiliza. Kiongozi akiwa mtu tunasema anakatwa, akatwe. Huyu wako si mtu, ni kitu. Kwa hiyo sema kinakatwa, kikatwe. Ki, si a. Ninyi watu wa bara mnatupa hovyo hivi viambishi, lakini hapa kiambishi ndicho maana yenyewe. Rudia."

"Kiongozi kikatwe," nikasema.

"Tena."

"Kiongozi kikatwe."

"Kama umezaliwa Lamu," akasema, na mke wangu akamrushia kaka yake punje ya haragwe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Watu walijaa ndani ya kuta zile zisizo na paa, wengine wamekaa juu ya matofali. Mbele kulikuwa na viti vya wakubwa: chifu, mchungaji, mwenyekiti wa kamati na shemeji yangu, ambaye goti lake lilikuwa karibu kugusa meza yangu. Nimepaeleza mara nyingi hapo alipoketi na nitapaeleza tena. Alikuwa mbele. Ningenyoosha mkono ningemgusa bega.

Nilianza na maji ya mfereji. Nikaweka tone chini ya hadubini, wakapita kutazama mmoja mmoja. Mama mmoja mzee wa mwethya aliinamia jicho la chombo kwa muda mrefu mpaka wa nyuma wakamsukuma.

"Yamejaa shanga za kijani," akasema. "Na mimi nimekuwa nikiyanywa."

Nikawaeleza habari ya yule aliyemezwa. Waliisikiliza kama habari ya jirani.

"Alikuwa amekosa nini mpaka akamezwa?" mama yule akauliza.

"Hakukosa kitu, mama. Alikuwa karibu na mdomo."

Wakacheka. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi, mtu wa Garissa, akasema kutoka ukutani, "Ninyi mgeni akizidisha siku mnampa jembe. Huyo amepewa jembe mpaka leo hajarudisha." Wakacheka zaidi. Mchungaji alikunja uso kidogo kwa sababu ya neno mageuzi na kitabu cha Mwanzo, lakini nikamwambia kwamba mimi nasema jinsi kazi inavyofanyika ndani, si nani aliyeiamuru, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nimewashika. Nimehutubia Wazungu wenye madaraja makubwa, lakini sijawahi kuwashika watu kama nilivyowashika wale wakiwa juu ya matofali.

Ndipo nikafika kwenye kisu. Nikasema kwamba ndani ya seli iko RNA ambayo kazi yake ni moja tu. Nikasema ilikuwa huru zamani, ikamezwa, ikapitia mageuzi marefu, na bado inaikumbuka kazi yake. Nikasema, na nilimtazama shemeji nilipokuwa nikisema, naye akaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayesikia somo lake likirudi: "Kazi haiwezi kuanza mpaka kiongozi kikatwe."

Watu walinyamaza. Mimi nilifikiri ni uzito wa sayansi.

Jumatatu asubuhi askari wawili wa utawala walinikuta nikimwagia maji mipapai. Hawakunipiga. Walinipeleka kambi ya chifu, na kutoka hapo kituoni, nikawekwa ndani. Nililala seli, neno ambalo Jumamosi nilikuwa nimelieleza kwa raha na ambalo sasa lilikuwa na ndoo kwenye kona.

Siku iliyofuata aliyenihoji alikuwa mkubwa mmoja wa utawala, kijana aliyenyoa vizuri, mwenye sauti ya upole. Chifu alikuwa ameketi kando yake.

"Umekaa nje muda mrefu," akaanza.

"Ndiyo, mkubwa."

"Huko ndiko wanakokaa hao wa mageuzi."

"Mageuzi yangu ni ya mwani, mkubwa. Yale majani ya kuteleza majini."

"Majani," akasema, akamgeukia chifu. "Ulisikia majani?"

"Nilisikia seli," chifu akasema. "Nilisikia aliyemezwa alikuwa huru. Nilisikia kazi haiwezi kuanza mpaka kiongozi akatwe."

"Kikatwe," nikasema.

"Nini?"

"Sikusema akatwe. Nilisema kikatwe. Ki. Kiongozi ninayemsema mimi, ninachokisema, ni kipande kidogo ambacho hata kwa hadubini hukioni. Kingekuwa mtu ningesema akatwe."

Nilidhani yule kijana ameelewa.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "kiongozi wa nchi wewe unamwita kitu."

Chifu akaguna kwa masikitiko, kama mtu aliyesikia tusi kanisani.

Mtu ambaye hajaishi mwaka ule ataona ni mchezo. Haukuwa mchezo. Watu walikuwa wanapotea kwa maneno mepesi kuliko hayo. Nilijaribu kuchora kwa kidole juu ya meza kibebeo na kipande chake cha mbele, na kijana akanitazama nikichora kwenye mbao tupu, nikaacha. Nikaona kwamba sitatoka kwa sayansi. Nitatoka kwa sarufi, na mwenye sarufi ninaye.

"Mkubwa," nikasema, "mwulizeni mwalimu wa Kiswahili. Yeye ndiye aliyenipa maneno yote. Alinifundisha hiyo ki, nikairudia mbele yake, na siku ya hotuba alikuwa ameketi hapa na mimi niko pale. Akiwaambia nilisema a, nifungeni."

Wakamwita. Alikuja alasiri hiyo hiyo, amevaa koti lake la kanisani. Nilipomwona mlangoni, nilijua usiku huo nitalala kwangu. Nilimwambia "Shemeji", naye akajibu "Shemeji", na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mwalimu," yule kijana akasema, "unamjua huyu?"

"Ameoa dada yangu."

"Ulimsaidia maneno?"

"Aliniuliza tafsiri ya maneno mawili matatu. Mimi ni mtu wa lugha, watu huniuliza. Anachokwenda kufanya mtu na neno akishalipata, siwezi kujua."

Nikamtazama. Yeye alikuwa akitazama kofia ya chifu iliyokuwa mezani.

"Sasa twambie jambo moja tu," kijana akaendelea. "Wewe ndiwe mwalimu wa Kiswahili hapa. Siku ile huyu alisema kiongozi akatwe, au kiongozi kikatwe? Ni a au ni ki?"

Ilikuwa silabi moja. Alikuwa amenifundisha mwenyewe, kidole juu, mbele ya dada yake na mke wake. Aliitikia kwa kichwa nilipoisema. Mtu huyu alikuwa akisikia kosa la kiambishi kwenye redio akiwa chumba kingine, akaisahihisha redio.

"Kusema kweli, mkubwa," akasema, "kulikuwa na upepo, na kuta hazina paa. Sikusikia vizuri."

Chifu akaivaa kofia yake.

Nimelifikiria jibu hilo zaidi ya nilivyofikiria jambo lolote katika maisha yangu, na mimi ni mtu wa kufikiri. Angesema "alisema a", angekuwa amenisingizia, na ningeweza kumchukia kwa njia iliyonyooka. Hakunisingizia. Alitoa sikio lake tu, akaliweka mbali na mimi. Kule Kanada nilikuwa nikiitazama RNA ya plastidi imelala kwenye kichupa na chumvi yake yote, salama, nzima, haina ila, na haikati, kwa sababu protini inayopaswa kusimama kando yake haipo. Tulikuwa tunalaumu RNA. Tulibadilisha joto, tukaongeza chumvi, tukarudia. Siku ile kituoni nilijua kwamba kitu kinaweza kuwa sahihi kabisa na kisifanye kazi kwa sababu mwenzake hakuja.

Walinitoa baada ya siku chache. Hawakuwa na kesi ya kunipeleka nayo mahakamani, na mchungaji alikuwa amekuja kuapa kwamba nilimheshimu Mungu kwenye hotuba. Lakini yule kijana aliniambia nisihutubie watu tena, na nisikanyage ile shule. Alisema kwa upole. Kamati haikuja kunipa pole wala kunieleza kitu. Walinipita barabarani kana kwamba mimi ni mfereji.

Chumba kikaezekwa. Sinki niliyoichora haikuwekwa. Kikawa stoo ya mahindi ya msaada, halafu ofisi ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu, kabla mwaka haujaisha, alikuwa shemeji yangu. Nafasi ile ilikuwa wazi tangu kabla ya hotuba. Chifu alikuwa kwenye kamati. Sisemi zaidi ya hapo, msomaji ana akili zake. Hadubini yangu ilibaki kabatini kwake, na wanafunzi niliokutana nao sokoni waliniambia wanajifunza seli kwa kuichora kutoka ubaoni.

Na mimi nifanye nini? Shemeji hagombwi. Kwenye matanga tulikaa benchi moja. Krismasi alikuja kwangu na sukari na majani ya chai, akaniamkia, akauliza hali ya mipapai. Mke wangu alikuwa akimwandalia kwa adabu kisha anakwenda jikoni na kukaa humo mpaka aondoke. Sikumwomba achague. Angenichagua mimi ningempokonya kaka, angemchagua yeye sijui ningefanya nini.

Halafu sheria ikabadilishwa, vyama vingi vikarudi, na neno mageuzi likawa la kila mtu. Lilibandikwa kwenye maduka ya Kibwezi, lilipakwa kwenye malori. Kwenye mkutano mmoja wa shule nilisimama nje ya ua, kwa kuwa sikuwa nimeondolewa lile katazo, nikamsikia shemeji akihutubia wazazi. Alisema amekuwa mtu wa mageuzi tangu kabla hayajawa mtindo. Alisema yeye ndiye aliyelileta neno hilo Kibwezi wakati linawafunga watu. Kwa namna fulani ilikuwa kweli. Walimpigia makofi. Upepo ulikuwa ukivuma siku hiyo pia, na nilisikia kila kiambishi.

Hapo nikapita kiasi cha heshima. Nikamwomba mjomba wa mke wangu aite kikao.

Tulikaa sebuleni kwa mjomba huyo, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, wazee wanne wa ukoo wao na wawili waliotoka Kitui kwa ajili yangu. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa, kwa sababu kikao cha mashemeji hakifunguliwi bila mbuzi wala hakifungwi bila kumla pamoja. Nilieleza yote. Nilieleza vizuri, najijua. Nilisema sitaki alipe kitu. Nilitaka aende shuleni mbele ya wazazi wale wale aseme: alisema kikatwe, mimi nilimsikia. Nilitaka niingie kwenye chumba changu nikiwa msafi.

Mjomba akamgeukia. "Umesikia. Una neno?"

"Mimi simkatai shemeji," akasema. "Nampenda. Siku ile niliulizwa nilichosikia, nikasema sikusikia. Sikumtaja vibaya hata mara moja. Kama kuna mtu hapa anasema nilimtaja vibaya, aseme."

"Ulisikia," nikamwambia. "Uliitikia kwa kichwa."

"Huwa naitikia kwa kichwa hata mahubiri ya Kitaita, shemeji."

Mzee mmoja akacheka, akaficha kwa kukohoa. Mjomba akaniuliza, bila ubaya, "Mwanangu, tutaje kosa ili tulihukumu. Huyu alisema uongo gani?"

"Alisema hakusikia."

"Na wewe unajuaje kwamba alisikia?"

"Alikuwa mbele. Alikuwa hapa."

"Kukaa mbele ni kukaa," mjomba akasema. "Sikio ni la mwenyewe. Hakuna mila inayoingia kwenye sikio la mtu kutafuta kilichomo." Akawatazama wenzake, hata wale wawili wa Kitui, nao wakakubali kwamba ndivyo ilivyo. Kosa ambalo halitajiki halina faini, na lisilo na faini si kosa. Wakasema tusameheane, na nyama isipoe.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akigawa. Aliwapa wazee, akawapa wa Kitui, akanipa mimi. Kaka yake akanyoosha sahani.

"Nipatie na mimi," akamwambia.

Mke wangu alikuwa amesimama mbele yake, karibu kabisa, bakuli mkononi.

"Dada, nimesema nipatie."

Akampita, akarudi jikoni na bakuli lake, nasi tukasikia mlango ukifungwa. Mjomba alijifanya anatafuta chumvi. Shemeji yangu akaishusha sahani juu ya goti, tupu, akaishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu kituoni akanitazama usoni. Nilimwona anangoja niseme kitu cha kumsaidia, utani wowote, kama zamani.

Nilikula nyama yangu. Wiki iliyofuata tulihamia Kitui.